Kuosha Zulia ni Nusu ya Kazi

Leo tuzungumzie kazi ambayo wengi wetu tunaipita kila siku tukiwa kwenye daladala bila kuitilia maanani: kazi ya kuosha mazulia. Ukipita Kimara, Sinza, Tabata au Mbagala, utaona kando ya barabara mazulia yameanikwa juu ya kuta na kwenye nyaya, mekundu, ya kahawia, ya manyoya marefu, na vijana wawili watatu waliovaa mabuti ya mpira. Mmoja ameshika mpira wa presha, mwenzake anasugua kwa brashi. Mara nyingi ni palepale panapooshwa magari.

Linaloulizwa sana ni hili: je, kazi hii inaweza kumpa mtu kipato kizuri, cha kula, kulipa ada za watoto, na hata kununua kiwanja? Jibu langu ni ndiyo, na ninalitoa kwa moyo mmoja. Ila nina sharti. Kipato hicho hakikai kwenye sabuni wala kwenye mashine. Kinakaa kwa mteja anayerudi. Na mteja wa zulia hurudi kwa sababu moja kubwa: zulia lake lilimfikia likiwa kavu, halinuki, siku ileile aliyoahidiwa. Kuosha ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo ndiyo yenye fedha, ni kukausha na kutimiza ahadi.

Tuanze na haja yenyewe. Mwambao wetu umeyajua mazulia tangu zamani. Majahazi yaliyoteremka na kaskazi kutoka Ghuba yalileta mazulia ya Uajemi pamoja na tende, nayo yakatandikwa katika majumba ya wenye nacho kule Unguja, Lamu na Mombasa. Nyumba nyingine zilitandika mkeka, na mkeka hausumbui: unaukung'uta, unaupangusa, unauviringisha, basi. Leo mazulia ya kiwandani yanaingia kutoka Uturuki, China na kwingineko. Yamejaa Kariakoo, na sebule ya mtu wa kipato cha kati haikosi moja. Sasa zulia la manyoya la mita mbili kwa tatu utalifulia wapi ukiwa umepanga vyumba viwili, bomba ni moja kwa nyumba nzima, na kamba ya kuanikia ni ya wapangaji wote? Likishanywa lita 40 za maji, umeliongezea kilo 40. Kulinyanyua tu ni kazi ya watu wawili wenye nguvu. Kwa hiyo mwenye zulia anahitaji msaada kwelikweli, na hapo ndipo biashara inapozaliwa.

Na anachohitaji mtu huyu ni zulia safi. Mashine yako haimhusu. Jambo hili lilijulikana mapema. Mwaka 1901 mhandisi Mwingereza, Hubert Cecil Booth, alitengeneza mashine ya kunyonya vumbi kwa pampu. Ilikuwa kubwa mno kuingia ndani ya nyumba. Ilivutwa na farasi, ikaegeshwa barabarani, mipira mirefu ikapitishwa madirishani. Booth hakuanza kwa kuuza mashine hiyo. Alikwenda nayo kwa watu, akawasafishia, wakamlipa. Mwaka 1902 ilisafisha mazulia ya kanisa la Westminster Abbey jijini London, kabla ya kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Zaidi ya miaka 120 imepita, na kijana wa Tabata aliye na brashi, ndoo na maarifa anauza kitu kilekile alichouza Booth. Kwa hiyo msikilizaji, usiseme huwezi kuanza mpaka upate mashine ya mamilioni. Anza na ujuzi.

Ujuzi wenyewe ni upi? Kwanza ni kujua kwamba sehemu kubwa ya uchafu wa zulia ni vumbi kavu na mchanga uliozama chini kwenye mashina ya nyuzi. Ukimwaga maji kabla hujautoa, unatengeneza tope ndani ya zulia, kisha unahangaika kutwa nzima kulisuuza. Ligeuze zulia, lipige kwa nyuma, likung'ute, au lipitishie mashine ya kunyonya vumbi mpaka usione tena kitu kinachodondoka. Wengi huruka hatua hii kwa sababu mteja haioni. Lakini mchanga ule ndio unaokata nyuzi kila watu wanapokanyaga. Kuutoa ni kumwongezea mwenye zulia miaka ya kulitumia.

Pili, lijue zulia kabla hujaligusa. Mengi ya siku hizi ni ya nyuzi za kiwandani, kama polipropilini, nailoni na poliesta, na hayo ni mavumilivu. Ila siku moja utaletewa la sufu, pengine urithi wa bibi, na mwenyewe hatakwambia. Chomoa uzi mmoja kwenye ukingo, uuchome mbali na zulia. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na huacha jivu linalosagika vidoleni. Nyuzi za kiwandani huyeyuka na kuganda kama shanga ngumu. Sufu haitaki sabuni kali wala maji ya moto, na jiki huila kabisa. Halafu jaribu rangi: chukua kitambaa cheupe chenye unyevu, kikandamize kwenye kona kwa muda, uangalie. Kitambaa kikitoka na rangi, zulia hilo litachuja, na nyekundu itaingia kwenye nyeupe. Mwambie mwenye nalo kabla ya kuanza. Jaribio hilo la dakika chache linakuepusha na deni la kulipa zulia la watu.

Tatu, madoa yana tabia zake. Damu huoshwa kwa maji ya baridi, kwa sababu ya moto huigandisha kwenye uzi. Mafuta ya pilau hutaka sabuni ya vyombo, kidogo kidogo, kwa kukandamiza kitambaa. Ukisugua kwa nguvu unalitandaza doa. Chai na kahawa hulegea kwa siki iliyochanganywa na maji. Mkojo wa mtoto au wa paka huacha chumvichumvi ambazo zikipata unyevu huamka na harufu yake, ndiyo maana zulia lisilosuuzwa mpaka chini hunuka upya siku ya mvua. Na hapa nawaonya kwa dhati: msichanganye jiki na siki, wala jiki na dawa yoyote yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu, na vijana wetu wanafanya kazi hii bila barakoa, wengine ndani ya vibanda visivyo na madirisha.

Nne ni suuza. Mtu akiona povu jingi hudhani ndiyo usafi. Sabuni iliyobaki kwenye nyuzi hunata, na kinachonata hukamata vumbi. Baada ya wiki mbili zulia ni jeusi kuliko lilivyokuja, na mteja anasema, kwa haki kabisa, kwamba umemwibia. Suuza mpaka maji yanayotoka yawe maangavu. Na ukiwa Dar es Salaam, angalia maji yenyewe. Visima vingi vya jiji hili, hasa vilivyo karibu na bahari, vina maji ya chumvi. Sabuni haitoi povu vizuri, na chumvi ikibaki kwenye zulia huvuta unyevu wa hewani, zulia likawa na ubichi usioisha. Kama unatumia kisima kuosha, angalau suuza ya mwisho ifanyike kwa maji matamu ya bomba. Gharama itapanda kidogo, na utairudisha.

Sasa tufike kwenye kiini cha mazungumzo yetu, yaani kukausha. Zulia lenye unyevu linaweza kuanza kuota ukungu ndani ya saa 24 hadi 48. Ukungu ukishaingia kwenye kitambaa cha nyuma, harufu yake haifichiki kwa manukato. Yapo pia mazulia ambayo mgongo wake ni wa juti, na hayo yakikawia kukauka hupandisha rangi ya kahawia juu. Tusisahau utitiri wa vumbi, vidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hustawi penye unyevu na kinyesi chao humwamsha mgonjwa wa pumu usiku. Mtu anayerudisha zulia bichi kwenye nyumba yenye mtoto wa pumu amepeleka maradhi, hata kama juu linang'aa.

Kukausha vizuri huanza kabla ya kuanika, kwa kukamua. Maji yanayotoka kwa kukamuliwa ni maji ambayo jua halitahangaika nayo. Ndiyo maana nasema, ukipata fedha ya kununua mashine ya kwanza baada ya ile ya presha, usikimbilie mashine kubwa ya kusugua. Nunua mashine ya kunyonya maji, na baadaye ile ya kukamua kwa kuzungusha. Asiye nayo aviringishe zulia kwa nguvu, alisimamishe, maji yashuke, ndipo aanike. Aanike juu ya chanja, hewa ipite chini na juu, maana zulia lililolazwa kwenye sakafu hukauka mgongo wa juu tu na tumbo likabaki bichi. Jua kali liupate upande wa nyuma, kwa sababu rangi za upande wa juu hupauka. Na kabla ya kulikunja, pitisha mkono ndani kabisa kwenye mashina ya nyuzi, hasa katikati na kwenye pindo. Ukihisi ubaridi, bado. Lirudishe juani.

Msikilizaji, kama una kalamu na karatasi, zichukue sasa, tufanye hesabu. Nitakazotaja ni namba za mfano. Wewe utaweka za mtaani kwako. Tuseme unatoza shilingi 4,000 kwa mita moja ya mraba. Zulia la mita mbili kwa tatu ni mita sita za mraba, kwa hiyo unapata shilingi 24,000. Wengi husimama hapo, wakaona wamepata 24,000. Sasa toa. Bajaji au guta kwenda kulichukua na kulirudisha, 6,000. Kijana wa kukusaidia, 5,000. Sabuni na dawa, 2,000. Maji, 1,000. Umeme, 500. Sehemu ya pango, 2,000. Na 1,500 unaziweka pembeni kwa ajili ya mashine itakapoharibika, kwa sababu itaharibika. Jumla ya matumizi ni 18,000. Kilichobaki ni 6,000. Hiyo ndiyo faida yako.

Tazama sasa gharama kubwa kuliko zote ni ipi. Ni usafiri. Safari hiyohiyo ikibeba mazulia mawili ya nyumba jirani, kila zulia linachangia 3,000, na faida yako kwa zulia inapanda kutoka 6,000 hadi 9,000. Hujapandisha bei, hujapunguza sabuni, na faida imeongezeka kwa nusu nzima. Ukiosha mazulia manne kwa siku, siku 24 za mwezi, hayo ni mazulia 96. Kwa faida ya 6,000 unapata 576,000. Kwa faida ya 9,000 unapata 864,000. Tofauti ya shilingi 288,000 kila mwezi imetokana na kupanga tu: Jumatatu ni siku ya Sinza, Jumanne ni siku ya Kijitonyama, Jumatano ni siku ya Mwananyamala. Anayekupigia Jumatatu kutoka Mwananyamala, mwambie kwa adabu, "Mama, Jumatano asubuhi tutakuwa mtaani kwako." Wengi watakubali, mradi Jumatano hiyo ufike kweli.

Tuendelee na hesabu hiyohiyo, kwa upande wa hasara. Zulia moja limerudi likinuka. Mteja amekasirika, umelazimika kulichukua, kuliosha upya na kulirudisha bila malipo. Umetumia tena karibu zile 18,000. Faida yako ni 6,000 kwa zulia, kwa hiyo zulia moja lililonuka limekula faida ya mazulia matatu mazuri. Na hapo hatujahesabu majirani ambao mama yule amekwisha kuwasimulia. Hii ndiyo sababu ninashikilia kwamba fedha ya kazi hii iko kwenye kukausha. Siku moja zaidi juani haikugharimu kitu, na kuiruka kunakugharimu hizo 18,000.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi ya mazulia inahitaji daftari mbili. Ya kwanza ni ya fedha, ndiyo hiyo tuliyoifanya sasa hivi. Ya pili ni ya wateja, na kwa maoni yangu ndiyo mtaji mkubwa kuliko mashine. Andika jina, mtaa, namba ya simu, ukubwa na aina ya zulia, madoa yaliyokuwapo, na tarehe. Lipige picha zulia mbele ya mwenyewe, pande zote, mpatane kuhusu palipochanika na palipopauka. Lishonee kitambaa chenye namba kwenye pindo, lisije likapotea au likapelekwa nyumba siyo. Toa risiti. Pima kwa tepu mbele ya mteja. Usikadirie bei kwa jicho, na usimtazame mtu gari lake ndipo umtajie kiasi. Na doa ambalo halitatoka, sema halitatoka kabla hujapokea kazi. Atakayeliona limebaki atajua ulimwambia kweli.

Viwanda vingi vya mazulia hushauri usafishaji wa kina kila baada ya miezi 12 hadi 18, na kwa mitaa yetu ya vumbi nadhani mwaka mmoja unatosha. Sasa fikiri una nyumba 300 kwenye daftari, kila nyumba ina mazulia mawili, kila zulia linaoshwa mara moja kwa mwaka. Hayo ni mazulia 600, yaani 50 kila mwezi. Kwa faida ile ya 9,000, ni shilingi 450,000 kwa mwezi kabla hujamtafuta mteja mpya hata mmoja, kabla hujabandika tangazo, kabla hujaweka picha kwenye WhatsApp. Unachotakiwa kufanya ni kutuma ujumbe mfupi wa heshima mwaka unapokaribia kutimia. Nyumba 300 hazipatikani kwa mwezi, najua. Zinapatikana kwa miaka miwili mitatu ya kazi isiyolalamikiwa. Lakini zikishapatikana, una biashara ambayo hata mtoto wako anaweza kuirithi, kwa kuwa imeandikwa.

Kuna suala la misimu, ambalo huwaangusha wengi. Pwani yetu ina masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Zulia linalokauka kwa siku moja wakati wa kipupwe huweza kuchukua siku tatu wakati wa masika. Tatizo ni kwamba wateja nao wana misimu. Wakristo husafisha nyumba kuelekea Krismasi, na Waislamu kabla ya Ramadhani na kabla ya Idi. Krismasi inaifuata vuli kwa karibu. Ramadhani, kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi, hutangulia kwa siku 10 hadi 12 kila mwaka. Mwaka 2024 ilianza Machi, pale masika yanapoingia. Inazidi kurudi nyuma kuelekea Februari na Januari, kwenye joto la kaskazi, na mwaka 2030 itaingia mara mbili, mwezi Januari na tena mwezi Desemba. Mwenye biashara hii anapaswa kulijua hilo na kujipanga: miaka ijayo pilikapilika za Ramadhani zitaangukia wakati mzuri wa kuanika. Na kwa ajili ya masika, jenga mapema banda la kukaushia lenye bati za kupitisha mwanga na kuta zilizo wazi, weka feni mbili, na upokee kazi kwa kadiri ya nafasi ya banda lako. Mwezi wa mvua ukijaza banda kupita kiasi, unavunja ahadi kumi kwa mpigo.

Misikiti ni wateja wa aina ya pekee. Zulia la msikiti mara nyingi ni kubwa na limetandikwa moja kwa moja, halichukuliki, kwa hiyo kazi inafanyika palepale. Na swala ni tano kwa siku. Muda mrefu unaoupata ni baada ya Isha mpaka kabla ya Alfajiri, na saa hizo hazitoshi kukausha zulia lililolowa. Hapo panataka mashine inayonyunyiza kidogo na kunyonya papo hapo, feni zote ziwe zinafanya kazi, na msikiti kugawanywa vipande, safu chache kila usiku. Zungumza na kamati, elewaneni ratiba, na vijana wako wajue adabu za mahali pale. Anayeifanya kazi hiyo vizuri hujulikana mtaa mzima kwa wiki moja, kwa maana waumini wote wamesujudu juu ya kazi yake.

Sasa mtaji. Kwa kuanzia, brashi ngumu na laini, ndoo, tanki la maji, mabuti, glavu, chanja za mbao na mahali penye maji na jua. Mashine ifuate fedha ya kazi. Walio katika vikundi wakumbuke kwamba halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Nendeni kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata mkaulize utaratibu. Sajilini jina la biashara BRELA, chukueni namba ya mlipakodi TRA, kateni leseni. Nasema hivyo kwa sababu ofisi, hoteli na shule haziwezi kumpa kazi mtu asiye na karatasi, na mteja mmoja wa ofisi anaweza kuwa na mazulia ya nyumba ishirini. Manunuzi ya serikali nayo yana sehemu maalumu kwa vikundi vya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu, kupitia mfumo wa manunuzi wa mtandaoni uitwao NeST. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuomba.

Nitaje na usalama, maana umeme na maji viko pamoja katika kazi hii. Waya wa kuunganishia usipite kwenye dimbwi. Mwiteni fundi umeme afunge kifaa cha kukata umeme pale unapovuja. Kijana anayeshika presha avae mabuti kila siku, na mwajiri ndiye anunue. Maji machafu yasitiririke barabarani wala kwenye uwanja wa jirani. Chimbeni shimo la mawe na mchanga lililo mbali na kisima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ipo, na faini yake ni nzito kuliko gharama ya shimo.

Kwa halmashauri zetu nina ombi. Tumetenga maeneo ya mama lishe, ya machinga na ya bodaboda. Waoshaji mazulia wametawanyika kando ya barabara, wanaanika kwenye vumbi la magari na moshi, halafu tunashangaa kwa nini zulia linarudi na harufu. Wapeni sehemu zenye maji, mfereji na uwanja wa kuanikia, walipe ushuru unaoeleweka. Watalipa, kwa sababu mahali pazuri pa kukaushia ni faida kwao kila siku.

Na kwa wewe mwenye zulia, unayesikiliza ukiwa sebuleni: usimpe kazi anayetaja bei ndogo kuliko wote na kukuahidi kulirudisha jioni hiyohiyo wakati wa masika. Muulize atalikaushaje. Akikujibu kwa ufasaha, mlipe anachostahili, bila kumwombea punguzo la juu ya punguzo. Kijana huyo anafanya ufundi, na fundi anayelipwa vizuri hana haja ya kupunja sabuni wala kuharakisha jua.

Vijana mnaotaka kuianza kazi hii, anzeni na zulia la nyumbani kwenu wiki hii. Litoeni vumbi, liosheni, lisuuzeni, likamueni, andikeni limechukua saa ngapi kukauka na limekula shilingi ngapi za maji na sabuni. Mkishaijua hesabu ya zulia moja, mnaweza kumtajia mteja bei na siku bila kubahatisha, na mtu wa namna hiyo hakosi kazi katika mji wowote wenye vumbi.